Mke wa Fundi Aliyeamua Kubambua Baraza

Saa moja asubuhi, mama mmoja amepiga magoti kwenye baraza ya mbao ya nyumba ya wageni, karibu na ngazi, anabandika selotepu sakafuni. Anaikandamiza kwa kidole gumba, kisha anaing'oa kwa nguvu. Utepe unang'oka na rangi ya sakafu.

"Umeona?" anamwuliza mwenye nyumba. "Rangi hii imekaa tu, haijashika. Ukipaka nyingine juu yake, zote mbili zitaondoka pamoja."

Wateja humwita Mama Msasa. Mpaka mwaka jana alikuwa mke wa fundi tu, basi. Alisugua na kupaka mbao bega kwa bega na mumewe tangu walipooana. Mume alipofariki, simu za kazi zikahamia kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye fundi rangi. Mama akawa anaitwa kusaidia.

"Iliniuma sana," anasema bila kuficha. "Mikono ni ile ile, lakini ghafla ikawa sijui kitu!"

Baraza hii ndiyo kazi yake ya kwanza kuipata mwenyewe. Ikiharibika, hakuna atakayempa nyingine.

Shemeji naye hakukosa la kusema. Alipita asubuhi hiyo hiyo, akaitazama sakafu mikono ikiwa mfukoni. "Shemeji, mbona unajitafutia makubwa? Sugua kidogo, piga mkono mmoja wa rangi, kabidhi kazi." Mwenye nyumba, ambaye binti yake alikuwa anaolewa hapo wiki iliyofuata, akaanza kuyumba.

Mama Msasa akachukua ndoo. Alimwaga maji upande wa ndani, chini ya paa. Yakasimama matone matone. Akamwaga karibu na ngazi. Mbao zikayanywa papo hapo.

"Huku ndani ningepaka juu tu, wala nisingejisumbua," alisema. "Kule hapana. Na nikibambua kule peke yake, sakafu itakuwa na rangi mbili. Tunabambua yote."

Kesho yake baraza ilitia huruma. Dawa ya kubandua ilikuwa imeigeuza rangi ya kahawia kuwa uji mzito, na mbao zimejaa mabaka. Mwenye nyumba alitoka na kikombe cha chai, akashika kichwa.

"Mama, umeniua! Wageni wangu watakanyaga wapi?"

"Nilicheka, lakini nilikuwa naogopa kuliko yeye," anakumbuka Mama Msasa. Alikwangua, akaosha, akaziacha mbao zikauke kabisa, akapiga msasa kufuata nyuzi zake, ndipo akapaka mafuta ya mbao.

Lo! Nyuzi ambazo hakuna aliyekumbuka kuwa zipo zilijitokeza nyekundu, zikang'aa. Asubuhi ya harusi mvua ikanyesha, na hakuna ubao ulioinywa. Wakayafagia maji, na jioni watu wakacheza hapo mpaka bibi harusi akavua viatu.

Shemeji alikuwepo. Aliinama, akaipapasa sakafu, kisha akamsogelea Mama Msasa. "Shemeji, nimepata baraza nyingine, kubwa kuliko hii. Njoo tuifanye pamoja. Wewe ndiye utakayeamua."

Mama Msasa sasa anatafuta chumba cha karakana, na tayari wanawake wawili wa mtaani wamemwomba awafundishe kazi. Na shemeji je?

"Nimemwambia karibu sana, ndugu yangu," anasema, akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Ila bosi ni mimi!"