Ushuru wa Kupita Bahi

Asubuhi ya maziko ya Zipora, Mwanaharusi aliamka akakaanga vitumbua. Hakuwa na nia ya kuuza. Mji wote wa Bahi ulikuwa msibani, nani angenunua? Mikono ilijiendea yenyewe: ikakoroga unga wa mchele, ikakoka moto, ikatia mafuta kwenye kikaango. Kitumbua cha kwanza kilipoiva akakiweka pembeni, akakifunika kwa sahani, kama alivyofanya kila siku ya Mungu tangu enzi za ubibi harusi wake. Halafu akakumbuka kwamba mwenyewe hatapita kukichukua. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Kitumbua kile kilikuwa ushuru. Zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita kama wapagazi, mizigo kichwani, kwenda pwani, watemi wa Ugogo waliwatoza hongo ya njia kabla ya kuwaachia wanywe maji na kuendelea na safari. Ugomvi ule ulizaa utani, na utani haujafa mpaka leo. Basi siku Mwanaharusi, binti wa Kinyamwezi aliyeolewa na Shaibu mnunuzi wa mpunga, alipoweka meza yake kando ya barabara iendayo stesheni, alitokea mwanamke mrefu wa Kigogo, akachukua kitumbua bila salamu, akakila chote huku amemkazia macho.

"Kabila gani wewe?" akauliza alipomaliza.

"Mnyamwezi."

"Nilijua. Babu yako alipita hapa usiku, hakulipa ushuru. Leo nimeanza kuukusanya."

Huyo ndiye Zipora, na ushuru ule aliukusanya mpaka uzee ulipowakuta wote wawili. Kila asubuhi angepita, afunue sahani, na badala ya salamu aseme, "Hujafa tu wewe mpagazi?" Mwanaharusi angejibu, "Nife niwaachie nani vitumbua? Tangulia wewe, mla mlenda." Mgeni akisikia alidhani ni wake wenza. Wenyeji walijua kwamba asubuhi isiyo na matusi yale haijaanza vizuri.

Zipora alikuwa mtu wa furaha, na nataka nieleweke hapa, maana wapo wanaodhani mtu wa furaha ni mtu asiyepata shida. Alifiwa na mume wakati watoto wake wawili, Abeli na Devota, walikuwa bado wadogo, na nchi yenyewe mnaijua, tambarare hadi macho yachoke, mvua ikipenda inakuja na isipopenda haiji. Mwaka mmoja wa njaa walikula mlenda, mboga ile ya kuteleza, siku nzima, kesho yake mlenda, keshokutwa mlenda. Zipora akatangaza kwamba mlenda wa siku ile ni kuku. Akapakua kwa makini, huyu firigisi, huyu kidari, na watoto wakagombea paja hadi wakalizana. Mwanaharusi aliwakuta hivyo, watoto wanapigania paja ndani ya sufuria ya mlenda, na mama yao ameinama nyuma ya nyumba. Alidhani anacheka. Alipomkaribia aliona kwamba anacheka na kulia pamoja.

Treni ya abiria iliposimama, Zipora alikuwa na mchezo wake. Alisogea dirishani akapaza sauti, "Baba Stanley! Watoto wanakuulizia!" Hakukuwa na baba Stanley yeyote. Lakini haikosi, mwanamume mmoja ndani ya behewa angeshtuka na kujificha, na behewa zima lingeangua kicheko. Devota, mtoto mwenye haya, alijitanda kanga usoni. Abeli alikimbia kabisa.

Shaibu alipofariki, nyumba ya Mwanaharusi ilijaa watu na yeye hakutoa hata chozi. Alikaa kama gogo. Wanaume walipoinua jeneza, Zipora, kwa haki ya mtani msibani, akatokea chumbani amevaa koti la Shaibu na kofia yake, akakohoa kile kikohozi chake hasa. Sasa, Shaibu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua mpunga kwa debe, na hakuna debe lililojaa machoni pake. Zipora akashika upande wa jeneza akasema kwa sauti ya marehemu, "Tikiseni kwanza! Tikiseni! Hapo bado kinaingia kisado!" Watu walicheka hadi wabebaji wakataka kuangusha jeneza. Mwanaharusi naye alicheka, na kicheko ndicho kilichomfungua, akalia mpaka magharibi.

Eda ilipoisha wakapeana ahadi. Atakayetangulia, mwenzake atamwigiza. Zipora alimletea kabisa kitenge chake cha njano chenye picha za kuku, akasema, "Hiki weka. Nikifa vaa hiki. Na usinipunguze hata kidogo, nitafufuka nikuzabe kofi." Mwanaharusi akakitia kwenye kapu chini ya meza ya vitumbua. Ahadi ni deni, wanasema, na hii ilikaa pale miaka yote ikimsubiri.

Sasa siku imefika. Zipora alipelekwa Dodoma na presha, akalazwa, na hakurudi akiwa hai. Mwanaharusi alijaribu. Jioni ya kwanza ya msiba alijifungia ndani akavaa kitenge, akajaribu kutembea kama Zipora, mguu wa kulia ukiburuta kidogo tangu alipoanguka kisimani. Alichukua hatua chache akaishiwa nguvu. Sauti ilikataa. Angewezaje kumchekesha mtu wakati yeye mwenyewe alikuwa akimtafuta mwenzake katika kila sauti iliyopita barabarani?

Kesho yake Abeli akamjia. Amekuwa mtu mkubwa, yuko wizarani kule Mtumba, mji wa serikali, shati limepigwa pasi hata msibani. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Mama mdogo, nimekuja na ombi. Wakubwa wangu wa kazi watakuja kuzika. Tumeandaa ratiba nzuri, yenye utaratibu. Yale mambo ya watani... tunaomba yasiwepo. Tumzike mama kwa heshima."

Na hapa nitasema lililo kweli: Mwanaharusi hakukasirika. Moyo wake ulitua. Akasema, "Sawa, baba, msiba ni wenu," na Abeli alipoondoka akakirudisha kitenge kapuni kama mtu aliyetuliwa gunia la mpunga kichwani. Amekatazwa, basi, nani atamlaumu? Lakini usiku ule hakulala vizuri, maana alijua anajificha nyuma ya katazo la mtoto.

Maziko yakaanza. Misiba ya siku hizi ina mshereheshaji kama harusi, inakosa keki tu. Viti vya plastiki, maturubai, spika mbili kubwa, na wakubwa wa Mtumba mstari wa mbele wakiwa na miwani ya jua. Mwanaharusi alikaa nyuma na akina mama. Mchungaji akahubiri vizuri, kwaya ikaimba vizuri. Kisha akaitwa ndugu mmoja asome wasifu wa marehemu.

"Marehemu mama yetu," akasoma, "alikuwa mama mpole, mkimya, asiyependa makuu wala maneno mengi..."

Mwanaharusi akainua kichwa. Akatazama huku na huku, akidhani labda amekosea msiba. Akina mama wa Bahi wote walikuwa wakiangalia chini. Hakuna aliyepinga. Mkimya! Zipora! Hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira na uchungu pamoja, maana aliona kwamba kabla ya saa kumi watamzika mwanamke mwingine kabisa, na mwenzake atakuwa hajazikwa popote. Na yeye, aliyepewa kitenge, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Akainuka akatoka. Watu wakadhani amezidiwa, wakampisha.

Njia ya makaburini hupita mbele ya meza ya vitumbua. Gari lililobeba jeneza lilikuja polepole, waombolezaji nyuma kwa miguu, na dereva akakanyaga breki ghafla. Katikati ya barabara alisimama bibi kizee amejifunga kitenge cha njano cha kuku, mguu wa kulia umelegea, mkono kiunoni.

"Wapi hiyo?" akasema. Sauti ilikuwa ya Zipora, ile nzito, yenye kicheko kinachotangulia maneno. "Kila siku nakula vitumbua vya mpagazi wa watu, leo napita kimyakimya kwenye gari kama mke wa waziri?"

Abeli aliteremka garini, uso umemwiva.

"Mama mdogo, tafadhali. Tulikubaliana."

Mwanaharusi akashika boneti ya gari, akamgeukia.

"Nani huyu? Abeli! Yule aliyekuwa akigombea paja kwenye mlenda!"

Mama mmoja nyuma akapasua kicheko. Akafuata mwingine. "Paja la mlenda!" sauti ikajibu. Mwanaharusi hakungoja. Akaburuta mguu mpaka kwa wakubwa wa Mtumba, akawachungulia mmoja mmoja ndani ya miwani, akapaza sauti: "Baba Stanley! Watoto wanakuulizia!" Na kama vile treni imesimama stesheni, mkubwa mmoja akashtuka akarudi hatua nyuma. Bahi yote iliangua kicheko. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaanza kupiga ngoma kwenye ndoo, na mkubwa mwenyewe akavua miwani akawa anajifuta macho kwa kucheka.

Abeli alikuwa ameegemea mlango wa gari. Mabega yalikuwa yakitikisika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia, labda hata yeye mwenyewe. "Nilipata paja," alikuwa akisema. "Siku ile alinipa mimi paja." Mwanaharusi alimkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, Abeli akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia.

Ndipo Mwanaharusi alipoliendea jeneza. Akaweka mkono juu ya ubao. Sauti ya Zipora ilikuwa imekwisha, ikabaki yake mwenyewe.

"Leo wewe ndiye msafiri, Zipora," akasema. "Na mimi ndiye mwenye njia. Ushuru wangu wote umekula wewe, hakuna cha kukudai. Pita." Halafu akauliza kwa sauti ndogo, si kwa watu, "Ila mimi nani atanizika hivi?"

Devota alikuwa amesimama karibu na gurudumu, na alisikia. Gari likaondoka, na Zipora akazikwa watu wakiwa na machozi na vicheko, wasijue kipi ni kipi.

Siku tatu za matanga zilipokwisha, wageni wakatawanyika. Asubuhi Mwanaharusi akarudi mezani kwake. Akakaanga. Cha kwanza akakifunika kwa sahani, akajilaumu kwa ujinga, asikifunue.

Devota akaja na mkoba begani, anaelekea kupanda gari la kurudi Miyuji anakofundisha shule. Devota hajawahi kumtania mtu maishani mwake. Hata watoto wadogo huwaamkia kwa adabu. Akasimama mbele ya meza, akatazama chini, akatazama juu. Mkono ukatoka ukafunua sahani, ukachukua kitumbua.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. "Hu... hujafa tu wewe mpagazi?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, kama aliyevunja chombo cha watu.

Mwanaharusi alimtazama, mwiko ukiwa hewani na mafuta yakidondoka. Kitumbua kilichokuwa motoni kikaanza kuungua, asijali.

"Kula ushuru wako," akasema hatimaye. "Na ukija tena, acha hiyo shikamoo. Ukinizika kwa adabu namna hiyo, mwanangu, watu watalala."