Mlango wa Nyuma wa Zahanati

Zahanati ya kijiji chetu, huku ziwani upande wa Ngumbo, niliijenga mimi. Darasa la pili sikumaliza, lakini muulize yeyote tuliyehamia naye kijiji cha ujamaa: ukuta ule nani aliupandisha? Ndiyo maana walinichagua mwenyekiti, na ndiyo maana sikuvumilia kuona wagonjwa wanapangiwa siku ya kurudi na hawarudi. Mganga, kijana aliyeletwa kutoka Tanga, anachemsha sindano zake, kisha anakaa kuangalia njia.

Nikasema dawa yao ninayo. Kila asubuhi ya kliniki nikawa nasimama mlangoni na fimbo.

"Wewe mama, juzi ulikuwa wapi?"

"Shikamoo mwenyekiti. Nilikuwa naanika usipa."

"Marahaba. Hao dagaa ndio watakufungia hicho kidonda?"

Wanaume wakaanza kuja. Wanawake watu wazima wakazidi kupungua. Na aliyekosa kliniki kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, mwenye kidonda mguuni kilichoanza kunuka.

"Ndugu Mwenyekiti," mganga akaniambia, "asipokuja kumaliza sindano, huo mguu watakwenda kuukata huko juu Mbinga."

Sasa huyo ndiye mtu pekee kijijini nisiyeweza kumfokea. Kwetu mama mkwe humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Nikamfokea binti yake, mke wangu.

"Mama yako hataki kupona?"

"Anakuja kila siku aliyopangiwa," akasema, mikono imejaa unga wa muhogo. "Akifika kwenye kichuguu anakuona umeziba mlango, anarudi. Na mguu ule."

"Pale mimi si mkwe. Ni mwenyekiti."

"Basi kamwambie mwenyewe."

Ningemwambiaje? Nikaondoka mlangoni. Haikusaidia kitu. Tulivyosongamana kijiji kimoja, kila benchi lilikuwa na mkwe wa mtu, na mlango ni ule ule mmoja. Watu wanaoza miguu kwa heshima! Nikachukua nyundo na tindo, nikatoboa ukuta wangu mwenyewe kwa nyuma, mlango wa kuingilia moja kwa moja chumba cha sindano. Fundi aliyesomea asingethubutu.

Kliniki iliyofuata nilijibanza upande wa mbele, najifanya napiga lipu. Nikasikia mkongojo unagonga mawe nyuma ya nyumba, halafu mganga: "Shikamoo bibi. Weka mguu hapa." Akausafisha muda mrefu. "Tumeuwahi, bibi. Usikose tena, hautakatwa."

Nikashusha pumzi. Nikangoja nisikie na neno la shukrani, maana lilistahili.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "huu mlango nani kautoboa? Umepinda."

Haukupinda. Mpaka leo naupima kwa timazi, uko wima. Lakini nilikuwa upande wa pili wa ukuta, mwiko mkononi, na mama mkwe hajibiwi.