Kwenda Kuwahesabu Paa wa Jangwani

Tarehe msiniulize. Ni mwaka ule tulokula muhogo uliokuja kwa ndege, ghali kama dhahabu, tukaupikia papa mkavu kila Ijumaa. Mjukuu wangu Salma, wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, alitakiwa akawahesabu paa wa jangwani. Baba yake, mwanangu Nasor, akagoma: mtoto wa kike halali jangwani peke yake.

"Basi nnakwenda naye mimi," nikamwambia. "Mimi nani atanigusa?"

Alfajiri tukatoka kwetu Al Khoudh, Maskati, kwa gari ya kukodi. Milima ikaisha, lami ikaisha, na mgongo wangu nao karibu uishe.

Alasiri tukafika kwa Bi Ghalia, Bedui, bibi kama mimi. Wanawe ndio wanaolijua bonde la paa.

"Zamani wakija mpaka kwenye kamba za hema," akasema. "Sasa wanangu huzunguka kutwa, hawaoni hata unyayo."

Asubuhi Salma akanionesha mtoto wa paa chini ya mgunga, kajikunja, hata sikio halitikisiki.

"Hakuachwa, Bibi. Mama yake humficha hivi, akaenda kula mbali, mbweha asimgundue. Kisha hurudi kumnyonyesha."

"Na watu je?"

"Watu humwona peke yake, wakamwita yatima, wakambeba."

Jioni Bi Ghalia akanitilia mapajani kitu cha moto moto: mtoto yule yule!

"Yatima, wanangu wamemwokota. Nenda naye Maskati. Mgeni wangu haondoki mikono mitupu."

"Mtoto mwenye mama simchukui."

Kumrudishia Bedui zawadi yake ni kama kumtemea mate. Salma akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Bibi, umenimaliza! Wakikasirika, nani atanipeleka bondeni?"

Mtoto akafungwa zizini pamoja na mbuzi. Kahawa hatukutiliwa tena.

Kulipokucha, tunapakia gari, paa jike kasimama juu ya kilima, anaitazama kambi. Nikamwonesha Bi Ghalia. Aliona. Lakini na wanawe walikuwa wakimtazama yeye, mama yao.

"Neno langu lishatoka," akasema, kampakata mtoto. "Mpokee, na mjukuu wako atarudi hapa kama binti yangu. Ukikataa, atafute wenyeji wengine."

Nimerudi Al Khoudh na somo moja, nami nalisema waziwazi: paa hawamalizwi na bunduki peke yake. Wanamalizwa na ukarimu pia, mmoja mmoja, kwa mapenzi.

Lakini pale kambini, kabla sijajibu, nikamgeukia Salma, maana kazi ni yake. Macho yamemjaa machozi. Akauchukua mkoba wake, akautia garini.

Bi Ghalia akaninyooshea mtoto.

"Mtoto mwenye mama simchukui."