Buni Zilizofukiwa

Atuganile wa Masoko aliachiwa na marehemu mumewe, Ackson, shamba la kahawa lililochanganywa na migomba. Shamba hilo ndilo lililowasomesha watoto wao. Kisha mibuni ikaanza kugeuka njano, hata wakati udongo umelowa mvua. Akaweka samadi, akapogoa, akamwita mchungaji aliombee shamba. Siku alipong'oa mbuni mmoja, alikuta mizizi imejaa vinundu.

Bwana shamba akamletea Beatrice, mtafiti kijana. Beatrice alimweleza kuwa vile vinundu ni kazi ya minyoo isiyoonekana kwa macho, na kwamba dawa za kawaida hunasa juu ya udongo bila kuifikia. Dawa yake ilibebwa ndani ya chembechembe ndogo kuliko hata minyoo yenyewe, zinazoshuka na maji hadi mizizini ndipo ziiachie. Ila ilikuwa bado kwenye majaribio. Nusu ya shamba ingepata dawa, nusu maji matupu, ili tofauti ionekane. Buni za upande wa dawa zisingeuzwa wala kunywewa, angelipwa fidia. Atuganile akakubali. Kura ilipopigwa, mibuni ya karibu na nyumba, ile ya kwanza kabisa aliyoipanda Ackson, ikaangukia upande wa maji.

Kufikia msimu uliofuata, upande wa dawa ulikuwa kijani, matawi yameinama kwa buni. Upande wa nyumbani ulizidi kupukutika. Beatrice alipokuja kupima, Atuganile alimfuata shambani.

"Mwanangu, niwekee hata mmoja tu. Huo wa mlangoni."

"Nikiweka, mama, jaribio lote limeharibika. Na hiyo dawa si yangu, imefungiwa stoo kwa hesabu."

Atuganile hakubisha. Alimpakulia ndizi, wakala pamoja.

Buni zilipoiva, alizichuma mwenyewe pamoja na vibarua, nyekundu, nzito, nzuri kuliko zote alizowahi kuvuna. Wakazimwaga shimoni, wakanyunyiza chokaa, wakafukia. Jirani yake Hosea aliuliza ni kosa gani kahawa ile imefanya.

Mradi ukaisha. Beatrice alikuja kuaga, akasema dawa inasubiri kibali, naye hajui kitatoka lini. Atuganile alimshika mikono yote miwili. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru. Ni Beatrice aliyelia.

Baada ya masika, ule upande uliopona nao ukaanza kugeuka njano pembezoni mwa majani. Atuganile akapiga simu. Beatrice alisema huenda minyoo imehamia kutoka upande wa pili, na afadhali mibuni iliyoshambuliwa zaidi ing'olewe.

Akamwomba Hosea aje na jembe na shoka. Hosea alipoanza na mbuni wa mlangoni, Atuganile aliingia jikoni, akafungulia redio kwa sauti kubwa, na hakutoka hadi kazi ilipokwisha.