Kanuni ya Saba ya Ghuba ya Suha

Lothar Wenzke alitimiza miaka sabini na mmoja bila kumiliki kaptura ya kuogelea. Kwao Saksonia, Ujerumani, aliogeshwa ziwani bila nguo kama watoto wenzake wote, na alipokua hakuona sababu ya kubadili desturi. Jumapili ya joto, fundi bomba, mwalimu na daktari wa meno walilala nyasini jinsi walivyozaliwa, wakila mikate yenye soseji na kuzungumza habari za bustani zao, na hapakuwa na aliyemtazama mwenziwe chini ya kidevu.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa tiketi katika tramu, zile treni ndogo za barabarani, za mji wa Chemnitz. Aliifanya kwa miaka thelathini na minne. Hakuwa mkali, sauti yake haikupanda hata siku moja. Lakini abiria walijua kwamba machozi hayakumfaa kitu mtu aliyepanda bure. “Tiketi ni tiketi,” alikuwa akisema, karibu kwa huruma, huku akitoa kitabu cha faini.

Kila mwezi wa Agosti, yeye na mkewe Roswitha waliendesha gari siku mbili hadi Istria, nchini Kroatia, kwenye ufuo wa Ghuba ya Suha ambako watu huoga bila nguo. Walikwenda majira ishirini na sita. Chini ya msonobari wa tatu palikuwa na jiwe bapa lililotosha mataulo mawili, la bluu la Lothar na la manjano la Roswitha, wala halikubakiza nafasi ya kuweka hata chupa ya maji.

Roswitha alifariki mwezi wa Novemba. Agosti iliyofuata Lothar alisafiri peke yake, akiwa na mataulo yote mawili. Alitaka jambo moja tu: tarehe kumi na nne, siku waliyooana, alale saa moja juu ya jiwe lile.

Langoni alimkuta Zdenka, mama aliyekaa katika kibanda cha walinzi kwa miaka kumi na minane na kujifunza Kijerumani kutoka vinywani mwa wageni.

“Loti! Mzee wa tiketi! Nilidhani mwaka huu mmetutoroka.” Aliinua shingo kutazama kule magari yalikoegeshwa. “Rosi naye? Bado anahangaika na lile kofia lake kubwa kama mwavuli?”

“Rosi alifariki, Zdenka. Mwezi wa Novemba.”

Zdenka alitoka kibandani akamkumbatia. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akashika kalamu, na kalamu ikabaki juu ya daftari bila kuandika.

“Pole sana, Loti. Lakini sasa nifanyeje mimi? Unaijua ya saba.”

Lothar aliijua. Kanuni zilibandikwa ukutani, naye alizikariri zote: kila mtu akalie taulo lake, kamera ziachwe langoni, mgahawani mtu ajifunge kitambaa kiunoni. Ya saba ilisema: mwanamume asiye na mwenziwe haruhusiwi kuingia.

“Unanijua miaka kumi na minane,” alisema.

“Nakujua mpaka kovu la kidole tumbo! Lakini mwezi uliopita mwenzangu wa zamu alimwingiza bwana mmoja, mpole, msalimiaji watu. Kumbe ana kamera ndani ya mkate. Ndani ya mkate, Loti! Kautoboa kitundu. Mwenzangu kafukuzwa kazi, sasa yuko nyumbani anachambua maharagwe.”

Zdenka alitazama kushoto na kulia, akapunguza sauti.

“Sikiliza. Mimi naandika ninachoambiwa. Mkeo yuko nyuma, anafunga gari. Si ndivyo? Wewe itikia tu, niandike wawili. Sitoi kichwa nje, naapa.”

Lothar alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na jepesi. Ila alikuwa amelisikia neno hilo maelfu ya mara: tiketi anayo mke wangu, yuko behewa la nyuma. Kila aliposikia hivyo alikwenda kuangalia, maana ndivyo kazi ilivyotaka, na mara nyingi behewani hapakuwa na mke. Alihisi kwamba akisema sasa kuwa Roswitha yuko nyuma, atalazimika kugeuka kumtafuta.

“Hayuko nyuma,” alijibu.

“Ee Mungu wangu! Kichwa gani hicho, jiwe la kusagia? Mtu anakufungulia mlango, wewe unauliza funguo!”

“Nani aliitunga kanuni hii, Zdenka?”

“Unaniuliza mimi? Ninyi wenyewe wageni! Kabla sijaajiriwa. Barua ninayo.”

Akavuta jalada la zamani kutoka rafuni. Barua ilikuwa ya mwaka 1999, mwaka ambao wanaume wawili walikamatwa vichakani na darubini. Mwandiko Lothar aliutambua kabla hajavaa miwani, kwa kuwa ulikuwa wake: herufi zilizosimama wima kama nguzo za taa. Yeye ndiye aliyetunga sentensi ile, na yeye ndiye aliyepita taulo hadi taulo akikusanya saini. Katika mstari wa kwanza palikuwa na jina lake na saini yake. Katika mstari wa pili alikuwa amemwandikia mkewe jina, Roswitha Wenzke, na mbele ya jina hapakuwa na kitu.

Alikuwa ameisahau barua ile; angeulizwa, angeapa kwamba walisaini wote wawili. Sasa alikumbuka vizuri. Roswitha alikuwa amelala kifudifudi, akairudisha kalamu. “Nitasaini nikitoka majini,” alisema, na baada ya kitambo akauliza: “Na siku mmoja wetu akija peke yake?”

“Wewe ni mwanamke, Rosi. Utaruhusiwa.”

Alimtazama chini ya ukingo wa kofia. “Sikuwa nikijifikiria mimi,” akasema, akaenda kuogelea.

Lothar aliomba karatasi. Alisimama dirishani akaandika, bila haraka, ombi kwamba mtu aliyefiwa na mwenziwe aruhusiwe kuingia akidhaminiwa na familia moja ya wageni. Akasaini, akaweka tarehe.

“Kamati inakaa Oktoba,” Zdenka alisema.

“Basi Oktoba.”

“Na leo?”

“Leo kanuni ni kanuni.”

Alishuka hadi ufuo wa jirani, ule wa watu wenye nguo, akaingia dukani kununua kaptura ya kuogelea.

“Saizi gani, babu?” aliuliza binti muuzaji.

“Sijui.”

“Hujui? Ulikuwa ukiogelea na nini miaka yote?”

“Na ngozi.”

Binti alicheka hadi akashika kaunta. Ya saizi yake ilibaki moja tu, nyekundu, yenye picha za mananasi.

Ufuoni watu walikuwa wengi, na jambo lililomshangaza ni jinsi walivyotazamana. Hapa, ambako kila mtu alijifunika, macho yalizunguka bila kupumzika. Alitandika taulo la bluu, kisha la manjano kando yake. Mama mmoja aliyembeba mtoto alisimama mbele yake, akionyesha la manjano.

“Samahani mzee, hili lina mwenyewe?”

“Lina,” alisema Lothar, na huo haukuwa uongo.

Kisha aliingia majini. Aliogelea taratibu kuuzunguka mwamba wa rasi, kaptura ikimvimbia kama mfuko uliojaa upepo, mpaka alipofikia maboya meupe. Hayo yalikuwa mpaka wa Ghuba ya Suha. Kanuni ya kumi na moja ilikataza waogaji wa nje kuyavuka. Alishika boya moja kwa mikono miwili. Kutoka pale aliuona msonobari wa tatu, na chini yake jiwe. Lilikuwa tupu, na kwa mbali lilionekana dogo, kana kwamba halikupata kutosha watu wawili.

Alikaa pale akielea hadi vidole vilipokunjamana. Kisha aliliachia boya akarudi, kwa sababu taulo la manjano halikuwa na mtu wa kulitazama.