Wakili wa Upande wa Kijana

Kijana aliyetaka kumwoa binti yangu wa pekee alijifunza Kiswahili kwenye simu, na simu ndiyo iliyotuponza. Siku mbili kabla ya posa aliniandikia: "Mama, baba atakuja na wakili wa ukoo wetu."

Kaka yangu, mjomba wa binti na msemaji wetu, alifurahi. Kwake, posa haisemwi na kijana wala baba yake. Lazima aje mtu wa kuwasemea. Mchumba wa kwanza alijisemea mwenyewe, akarudishwa mlangoni. Huyu wa pili mimi nilimtaka. Mafuriko yalipoupiga Pearland, mji wetu huku ughaibuni, alilisukuma gari langu akiwa na suruali nyeupe, na hakununa.

Jumamosi wakafika kutoka mji wa Carrollton, mwendo wa saa nne kwa gari, baba na mwana tu. Tukasalimiana, tukakaa, pilau ikapoa.

"Wakili amekwama wapi?" kaka akauliza.

Baba mtu, binti yangu akimtafsiria, akatandaza mezani karatasi ndefu ya ukoo, akaweka kidole juu kabisa. "Huyu hapa."

Kumbe wakili mwenyewe ni babu yao wa kale, mwanasheria Mwayalandi aliyekufa miaka mia nne iliyopita; simu haikumwambia kijana kwamba kwetu wakili ni msemaji wa posa pia. Alikuwa na mashamba, wake wawili (mmoja baada ya mwingine, mzee alisisitiza), watoto kumi na mmoja, na wana wawili walioshtakiana juu ya kinu cha kusagia nafaka mpaka kinu chenyewe kikaanguka. Mzee alitaka tujue kijana katoka kwa watu wa maana.

"Mashamba aliyapata wapi?" kaka akauliza.

Mzee akakohoa, kisha akasema kweli: kwa majirani, kwa hati alizoziandika yeye mwenyewe.

"Watu wa hati za namna hiyo tunawajua. Walifika mpaka kwetu." Kaka akaanza kutafuta kofia yake. "Mimi siongei na marehemu. Mkipata msemaji, mrudi."

Hasira zikanipanda. Nimepika tangu alfajiri, baada ya zamu ya hospitali, halafu mtu aniharibie mkwe kwa sababu ya maiti wa Ayalandi? Nikavuka kwenda upande wa wageni. "Wakili wao ni mimi. Keti."

Nikamposa mwanangu mwenyewe. Nikasema tumeona ua katika boma hili. Nikamsifu kijana, nikamsifu binti, nikausifu hata upishi wa mama yake. Kaka alinibishia kila neno, nami sikumwachia hata moja; binti alicheka mpaka akashika mbavu. Mwishowe kaka akasalimu amri.

"Haya, sasa tumsikie mzazi. Mama wa binti, unamtoa?"

Nikarudi upande wetu kujibu. Ndipo nilipoona nimeomba vizuri mno. Nyumba ile tulikuwa tunaishi wawili, mimi na yeye. Maneno yote nilikuwa nimeyamalizia kule upande wa wageni, nikalia mbele ya watu wazima. Nikasema ndiyo, huku nimeushika mkono wa binti yangu na siuachii.