Shimo Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Masika yalipokwisha mwaka ule, nyuma ya banda la ng'ombe nyumbani kwetu Kirua Vunjo palitokea kitu ambacho baba mdogo hakutaka nikione. Mimi nafundisha shule Moshi mjini, na Jumamosi hupanda kumtazama mama. Nilikuta vigogo vya migomba vimerundikwa mahali pamoja, na majani mabichi yametandazwa juu yake.

“Ardhi imelainika,” baba mdogo aliniambia kabla sijauliza. “Usipite huku.”

Yeye ndiye anayetunza kihamba chetu, shamba la ukoo, tangu baba alipofariki: migomba, kahawa iliyobaki, na ng'ombe. Ningemwamini, ila magoti ya suruali yake yalijaa udongo mwekundu, na tochi ilining'inia kwenye msumari wa banda mchana kweupe. Ardhi ikilainika mtu hapigi magoti. Tena siku hizo kulikuwa na wanaume wanazunguka vijijini na mashine, wakidai wanatafuta dhahabu iliyofukiwa na Wajerumani. Nikasema moyoni, wameshamfikia.

Nilimwuliza mama. Mama hujibu hata maswali ambayo hakuulizwa, lakini siku hiyo aliinamia ndizi alizokuwa akimenya. “Muulize mwenyewe,” akasema, kisha akanituma maji, na ndoo ya maji ilikuwa miguuni pake.

Jumamosi iliyofuata nilivuka mfongo, ule mfereji unaotutenganisha na jirani yetu mjane. Ni mwanamke mzee kuliko mama, na tangu utoto wangu alikuwa akitupa maziwa bila kuombwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Lile shimo lenu mmelifunika na nini?”

Nilishtuka. Nikamwuliza nani amemwambia.

“Hakuna aliyeniambia. Nimeona baba yako mdogo anakata vigogo, na pale ndipo palipokuwa na nyumba yetu.”

Akanisimulia. Zamani, watu wa ukoo wake walichimba handaki chini ya nyumba, na udongo wakaumwaga mtoni kidogo kidogo ili adui asione kifusi. Kila maadui walipokuja kuteka ng'ombe, wanawake na watoto walishuka humo pamoja na ng'ombe wenyewe. Wakawa salama mara nyingi, mpaka siku adui alipokwenda moja kwa moja kwenye tundu la hewa, akawasha moto, akaingiza moshi. Waliopona walikimbilia upande mwingine wa mlima. Waliporudi, Mangi, mtawala wa enzi hizo, alikuwa ameshawapa watu wengine kihamba chao, nao wakaonyeshwa kipande hiki cha ng'ambo ya mfongo.

“Watu wengine ndio sisi?” niliuliza.

“Ndio nyie. Hilo halina ubaya, Mangi ndiye aliyegawa. Ila hatujajua mpaka leo nani aliwaonyesha lile tundu.”

Nilirudi nikamkuta baba mdogo anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia sitaondoka mpaka nione. Alinitazama, akaweka panga chini, akaanza kuondoa vigogo.

Tuliingia tukitambaa. Baada ya kona ya pili mtu aliweza kuinuka nusu. Ukuta ulikuwa mweusi, na nilipougusa vidole vyangu vilitoka na masizi. Pembeni palikuwa na chumba kipana, chini pamechongwa kama hori. Hapakuwa na dhahabu wala dalili ya mtu kutafuta dhahabu.

“Unaficha nini, baba?”

Aliketi. “Babu yangu alinionyesha mahali handaki hili linapoanzia. Akaniambia nisimwambie yeyote. Aliyewaonyesha maadui tundu la hewa alikuwa mtu wetu. Alikuwa amekosana na ukoo wa mjane juu ya maji ya mfongo.”

“Na mama anajua?”

“Baba yako alimwambia.”

Sote tulikuwa tumekunywa maziwa ya yule mjane. Nilimwambia baba mdogo kama hatasema yeye, nitasema mimi. Hakubisha, na kutobisha kwake kulinitia wasiwasi zaidi.

Jumapili baada ya misa alikata jani la isale, akalifunga fundo, akavuka mfongo. Kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, na akishasamehe hafungui tena kesi hiyo. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Kisha akaomba ashushwe.

Tulimshika mimi na mama. Alikaa kwenye chumba cha ng'ombe, kiganja ukutani, muda mrefu. “Padogo,” alisema. “Nilidhani ni pakubwa.”

Baba mdogo hakufunika tena lile shimo. Aliweka mlango wa mbao, na mjane hushuka anapotaka. Wanawe walioko Arusha walimpigia simu kuuliza habari za kihamba kile cha zamani. Akawajibu ameshapokea isale, yamekwisha.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo aliniomba nimtafutie mtu wa kupima mipaka apate hati. Nilimwuliza kwa nini sasa. Akasema ni kwa ajili yetu sisi watoto. Sijui kama alivuka mfongo kuomba msamaha au kufunga midomo ya watu, na nikimtazama usoni sipati jibu. Mpimaji bado sijamtafuta.